Alama ya Mtende

Bi Suad, mzaliwa wa Pemba, alikuwa akidarizi nembo za wanajeshi katika duka dogo karibu na Edgware Road, London. Siku moja ofisa Mmarekani alimletea nembo ya kikosi chake cha askari wa miguu. Ilikuwa na alama tatu, kila moja ya vita walivyopigana.

"Ongeza ya nne," alisema. "Mtende."

"Vita gani hivyo, bwana?"

Ofisa aligeuka kutazama mlango. "Naihitaji kabla ya Ijumaa."

Alipoondoka, Bi Suad alimpigia simu bintiye Hayat, muuguzi huko Ghuba, kwenye nchi za mitende.

"Rudi nyumbani, mwanangu."

"Mama, mbona huku kumetulia?"

Bi Suad alimsihi huku akilia, mpaka Hayat akakata tiketi ya Alhamisi. Jumamosi vita vilianza huko Ghuba, na uwanja wa ndege alioondokea ulifungwa.