Mlango wa Sura ya Saba

Nilikasirikia filamu wiki nzima. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili na vipindi ishirini na sita vya Kiswahili kwa wiki, nilikosa raha kwa sababu ya jitu la mpira lililotoka nyuma ya mlango. Wenzangu katika chumba cha walimu hapa Nyamache waliniona nimepagawa, na huenda nilikuwa nimepagawa kweli. Lakini wao hawakumsikia mama yangu akisoma kitabu kile, na mtu ambaye hakumsikia mama yangu akisoma, sina la kumweleza kuhusu hofu.

Nianze na kitabu chenyewe. Ni riwaya ya kutisha ambayo Mama alipewa na mwalimu mmoja aliyekuwa akihamishwa kutoka shule ya karibu na kwetu, Nyaramba. Ilikuja bila jalada. Inahusu mwanamke aliyeolewa katika boma lenye ghala lililofungwa kwa kufuli, na ndani ya ghala hilo jiwe la kusagia linasaga nafaka ya wimbi kutwa, wala hakuna anayesaga. Katika sura ya saba mwanamke anapata ufunguo. Ukisimuliwa hivyo kwa haraka unaweza kupiga miayo.

Sasa sikiliza ilivyokuwa kwetu. Majani chai yanachumwa tangu asubuhi, na ifikapo alasiri kila mtu yuko kwenye kituo cha kununulia na kikapu chake, akingoja lori la kiwanda. Hakuna kupimiwa hadi lori lije, na lori halina saa. Linaweza kuja saa tisa, linaweza kuja saa kumi na moja, na mvua ikinyesha likakwama huko chini kwenye matope, shauri yako. Basi watu wanakaa. Kina mama wengine walifuma, wengine walisengenya, na mama yangu, shemasi wa kanisa la Sabato, mwanamke asiyekunywa hata chai aliyoilima mwenyewe, alitoa kitabu cha mashetani chini ya kanga yake akaanza kusoma.

Alisoma kwa Kiswahili kwanza, polepole, kila neno akilipa haki yake. Kisha alirudia kwa Ekegusii kwa ajili ya wale ambao Kiswahili chao kiliishia sokoni. Hakupaza sauti wala hakuigiza kilio. Akifika mahali pabaya alishusha sauti, na wanawake wakasogeza vikapu vyao karibu. Ijumaa jua likielekea kuzama alifunga kitabu hata kama mtu yuko katikati ya kufa, kwa kuwa Sabato ni Sabato, na watu waliteseka hadi siku ya kuchuma iliyofuata. Aliwahi kufuatwa nyumbani na mwanamke mmoja aliyeomba aambiwe angalau kama mtoto amepona. Mama alimpa ndizi akamrudisha kwake.

Sura ya saba ilisomwa mara nyingi, kwa sababu kitabu kikiisha waliomba kianze upya. Mwanamke anaingiza ufunguo, kufuli linaanguka, jiwe linaacha kusaga. Mama alisoma, "Mlango ukafunguka," akanyamaza. Alinyamaza kweli, macho yamefumbwa, kidole kikiwa palepale kwenye karatasi. Ungesikia ndoano ya mizani ikilia juu ya vichwa vyetu kwa upepo. Kisha akafungua macho akafunua ukurasa, na kusoma, "Alipozinduka, kulikuwa kumekucha."

Alichokiona yule mwanamke hakikusemwa. Lo, jinsi tulivyokipenda kile kimya! Siku moja lori lilifika katikati yake, dereva akapiga honi, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na nyuma ya mlango ule nilimwona jirani yetu aliyefariki, mgongo ameupa mlango, anataka kugeuka. Mwanamke aliyekaa kando yangu aliniambia baadaye kwamba yeye alimwona mama mkwe wake. Kila mtu alikuwa na wake, na ghala lenyewe kila mtu alilijenga kwenye kilima anachokijua. Langu lilikuwa kule chini kwa mfyatua matofali, na hadi leo sipiti hapo nikiwa peke yangu, mcheke msicheke.

Basi mwaka jana daktari wa macho wa Kisii akatuambia kwamba presha ya macho ya Mama imeshaharibu kisichorudi. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto liliona mwanga na vivuli tu. Kitabu cha nyimbo alikuwa amekiacha miezi kadhaa bila kutuambia, akiimba kwa kichwa. Mwanamke aliyekisomea kituo kizima! Niliumia sana. Ndipo nikasikia kwamba kitabu kile kimetengenezewa filamu huko Nairobi na italetwa kuonyeshwa Kisii mjini, nikajiambia, hata kama ni vivuli, Mama ataiona hadithi yake mara moja kabla ya giza. Sikutaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Yeye hakutaka. Alisema ukumbi wa sinema si mahali pake, akasema mgongo unamuuma, akasema kuku wanaangua. Nilimbembeleza wiki mbili. Mwishowe alikubali ikiwa wasikilizaji wake wawili wa zamani, wazee kama yeye, watakuja nasi. Niliwachukua wote Jumapili mchana, wamevaa kama wanaenda harusini.

Ai, filamu ile. Nitaisema kwa haki, kwa sababu nimetulia sasa. Picha zilikuwa safi. Mwigizaji alilia vizuri. Lakini ghala lilikuwa la mawe ya kuchonga na taa za rangi ya samawati, na nani kwetu ameweka wimbi kwenye nyumba kama ile? Muziki ulituambia tuogope dakika tano kabla ya chochote kutokea. Kisha mlango ukafunguka, na jitu likatoka. Lilikuwa na meno, lilikuwa na nywele za katani, vidole virefu vya mpira, unga umelijaa mdomoni. Lilisimama mbele yetu muda wa kutosha mtu kuhesabu meno yote. Mmoja wa wale wazee akacheka. Mwenzake akasema kwa sauti ya kusikika hadi mstari wa mbele, "Huyo si yeye."

Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Tulipotoka aliniuliza kilichotoka mlangoni kilikuwaje, maana alikuwa ameona mwanga tu ukipandapanda. Nikamjibu kwamba ulikuwa upuuzi mtupu, si wa kusimuliwa. Hakuuliza tena, na njia nzima hadi nyumbani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikizungumza.

Jumatatu niliingia chumba cha walimu nikiwa bado nafoka. Nikatoa mhadhara. Nikasema watu wa filamu hawaelewi kwamba kitabu cha kutisha kinamwachia msomaji nusu ya kazi, na ile nusu ndiyo anayoipenda, kwa sababu ameifanya yeye. Kwamba kamera haiwezi kuacha mlango mtupu, lazima iweke kitu, na kikishawekwa, kile cha kwako kinafukuzwa. Kwamba hao wamezua dude ambalo mwandishi hakuliandika, na wanastahili aibu. Mwalimu wa fizikia, mtu mpole anayekula njugu siku nzima, akasubiri nimalize. Akasema kwamba yeye alikisoma kitabu hicho akiwa kidato cha pili, na jitu limo. Sura ya saba. Meno, katani, unga mdomoni, kila kitu.

Nikamwambia hajui kusoma. Nisamehewe, lakini ndivyo nilivyomwambia, mbele ya naibu wa mwalimu mkuu. Yeye akaendelea kula njugu. Nikaapa kwamba Jumapili nitaenda nyumbani nipige picha ukurasa wenyewe, nimtumie, aone haya.

Jumapili mchana nilimkuta Mama ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilimwambia nataka kukiona kitabu kile. Akauliza ni cha nini. Nikamweleza ubishi wote, nikijisifu. Alinionyesha kwa mkono sanduku la bati chini ya kitanda, ambalo utotoni kuligusa kulikuwa ni kutafuta fimbo, na ndiyo maana mimi, mwalimu wa lugha, kitabu nilichokipenda kuliko vyote sikuwahi kukishika mkononi.

Nikafungua sura ya saba. "Mlango ukafunguka." Nikataka kufunua, ukurasa ukawa mzito. Karatasi tatu zilikuwa zimeshonwa pamoja ukingoni kwa uzi mweusi, juu hadi chini, mishono midogo iliyonyooka, ileile aliyotumia kwenye sare zetu za shule. Nyuma ya zile tatu, "Alipozinduka, kulikuwa kumekucha." Kurasa nne zilikuwa zimefungiwa ndani.

Nilibaki nimepiga magoti sakafuni. Mwalimu wa fizikia alikuwa sahihi. Filamu haikuzua chochote. Ilikuwa imekifuata kitabu neno kwa neno, na niliyekuwa nikimtetea mimi kwa ukali wote ule hakuwa mwandishi.

Nilitoka nje nacho. Mama alijua nimeona, kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Akanieleza bila kuombwa. Kitabu kilipoanza kuvuma kituoni, mzee wa kanisa alimwita. Hakumkataza kusoma. Alimwomba ahadi moja tu, kwamba shemasi hatampa pepo sura mbele ya watu. Mama aliona ni ombi la haki. Siku ile alikuwa amefika hapo kwenye sura ya saba, amesoma mistari miwili ya mwanzo baada ya mlango kufunguka, akaona pepo anaanza kupewa umbo. Akachukua sindano.

"Na wewe hukuzisoma?" nikamuuliza. "Hata peke yako?"

"Ningezijua, siku moja mdomo ungeniponyoka."

Akasema alikuwa akinyamaza pale kwa sababu mwenyewe alikuwa akiogopa. Miaka yote ile, kila mara, hakujua kilichomo. Ndiyo sababu hakutaka kwenda Kisii. Alidhani filamu itamwonyesha kilichomtoroka maisha yake yote, na vilevile alidhani wasikilizaji wake watajua kwamba aliwanyima kurasa nne, ndiyo maana alitaka wale wazee wawili, kama ni kujua, wajue akiwa nao palepale. Kisha akaniomba jambo. Alisema mzee wa kanisa amekwisha kulala, Mungu amrehemu, na mbele ya watu si hapa, hapa ni mimi na yeye. Macho yake yasingezisoma tena. Akataka nizifungue, nimsomee.

Nilikata uzi kwa wembe, mshono mmoja mmoja. Karatasi zile zilikuwa nyeupe kuliko nyingine zote. Nikamsomea zote nne, meno, nywele, vidole, unga, maelezo ya mwandishi aliyejitahidi kweli, masikini. Mama alisikiliza kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza mahubiri. Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Mama."

Akacheka. Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, nami nikacheka, kisha nikaona nalia. Nilikuwa nikimfikiria shemasi yule mwembamba na kikapu chake, kitabu kimeshonwa mkononi, akiwatia watu thelathini hofu tamu mwaka baada ya mwaka kwa kitu ambacho hata yeye hakuwa nacho. Nimefundisha fasihi miaka kumi na minne na sijawahi kukutana na msomaji wa kumfikia. Nilimwambia hivyo, palepale. Akanijibu kwamba maneno yamekuwa mengi, nilete sindano.

"Shona tena," akasema. "Wanao hawajakisikia."

Nikatia uzi sindanoni, kwa kuwa yeye hawezi tena. Alinishikia karatasi zisiteleze, akapapasa mishono yangu kwa kidole gumba, akasema ni mibaya lakini itashika. Kisha akataka asikie kama nitaweza. Nikaanza sura ya saba tangu mwanzo, polepole, nikashusha sauti alipokuwa akiishusha yeye. Ufunguo ukaingia, kufuli likaanguka, jiwe likaacha kusaga.

"Mlango ukafunguka," nikasoma, nikanyamaza.

Ilikuwa mchana kweupe, kuku miguuni petu, na sisi wawili tulikuwa tumetoka kulicheka lile jitu lenye meno. Mama akanishika mkono, akaubana kwa nguvu, na hakuuachia hadi nilipofunua ukurasa.