Dari Niliyomwekea Huwaida

Kwetu Amu binti akiolewa hatoki nyumbani kwao. Hujengewa orofa juu ya mamake. Mimi niliishi juu ya mama yangu, na binti yangu Radhiya angeishi juu yangu, lakini Mungu alimchukua, akaniachia Huwaida mchanga. Nikamlea, na dari, mahali pa kujenga juu ya nyumba yangu, nikamwekea yeye.

Alipoitwa chuo cha uuguzi Eldoret, kila mtu alikuja na maarifa yake. Mwalimu Rufus, aliyemsomesha sekondari, alisema kuna mkopo wa serikali.

"Una riba?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, Bi Saadiya."

"Na nguruwe nikimla kidogo tu?"

Akacheka, akamaliza kahawa yake akaenda.

Basari ya kaunti ilipatikana, ikaishia muhula wa kwanza. Jirani yangu Bi Shifaa akataka tuchangishe watu. Nikamwambia mchango ni wa mgonjwa na maiti, na mjukuu wangu ni mzima.

"Haya, kiburi chako ndicho kitakachomsomesha?"

Nilivaa buibui nikaenda kwa Abdulwahid, jirani wa nyuma, ambaye watoto wamemjaa vyumba viwili. Nikamuuzia dari, ajenge juu yangu.

Huwaida alilia sana. "Bibi, na mimi nikirudi nitakaa wapi?"

"Soma kwanza."

Akasoma. Abdulwahid akajenga. Nyayo za wanawe nazijua zote. Yule mzito ni Jeilani, na Razan hukanyaga kama paka. Sikutaka kuzijua. Kuna asubuhi nasikia mtu juu nikataka kumwita Huwaida ateremke anywe chai.

Juzi alinipigia simu. Amehitimu, na kazi zimetokea mbili. Moja hukohuko Eldoret, ya kudumu. Nyingine zahanati ya Mbwajumali, hapa kwetu visiwani, ya mkataba wa mwaka mmoja.

"Bibi, wewe wasemaje? Ukisema nirudi, narudi."

Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilifikiri, mwaka ukiisha atakuwa hana kazi wala pa kulala ila mkeka chumbani kwangu.

"Chukua ya Eldoret," nikamwambia.

Akasema, "Kwani hunitaki, Bibi?"

Nikamwambia simsikii, mtandao mbaya. Nilikuwa nikimsikia mpaka anavyovuta pumzi.