Leso Aliyojizibia Mama

Kazi ya kutandika vitanda hotelini Bofa niliipenda kwa sababu kitanda hakimtazami mtu. Ndipo meneja akaniita, akaniambia anataka niwe msimamizi wa wasafishaji. Kila asubuhi ningesimama mbele ya watu kumi na wanne niwagawie kazi. Akanipa hadi mwisho wa mwezi nimjibu. Nikamshukuru, nikaenda chooni kutapika.

Mwenzangu mmoja wa jikoni, asiyejua kunyamaza, alinisukuma hadi nikaenda kwa mshauri wa hospitali. Nilitarajia vidonge. Mshauri, binti mdogo kwangu kwa miaka mingi, akaniuliza ni lini niliwaogopa watu kwa mara ya kwanza. Swali gani hilo! Lakini jibu nilikuwa nalo.

Nilikuwa na miaka minane, kanisani Tezo, siku ya watoto kusema mistari ya Biblia kwa moyo. Mstari wangu ukapotea. Mwalimu wetu wa Jumapili akasema nitasimama pale mbele mpaka niukumbuke. Nilisimama hadi nikajikojolea. Kanisa zima likacheka. Mama naye alicheka, amejiziba mdomo kwa leso aliyojitanda. Hilo la mama sikuwahi kumwambia mtu kabla ya siku hiyo, maana liliniuma kuliko yote.

Mshauri akaniambia nifumbe macho, nirudi mle kanisani nikiwa mtu mzima wa leo, nimsaidie yule mtoto.

"Ushafika?" akaniuliza. "Wafanya nini?"

"Nimekaa benchi la nyuma."

"Mbona umekaa?"

"Mwalimu anaongea. Nimemwamkia, hajaitikia."

Mshauri alicheka, kisha akaniomba radhi. Lakini ningefanyaje? Tumelelewa kwamba mkubwa hakatizwi mbele za watu, na mimi nilimheshimu hata ndani ya kichwa changu mwenyewe. Wiki ya pili nilifika katikati ya kanisa, nikarudi kukaa. Nilijikasirikia, nikamkasirikia na mwalimu, ambaye alishakufa zamani, Mungu amrehemu.

Wiki ya tatu nilisema, "Shikamoo, mwalimu," wala sikungoja marahaba. Nikaenda kwa mama. "Mama, nipe hiyo leso." Akanipa. Nikamfunga mtoto kiunoni, nikamshika mkono, tukatoka nje. Pale kwenye kiti cha hospitali nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Usidhani nilipona. Nilimkubalia meneja siku ya mwisho kabisa, na asubuhi ya kwanza nilisimama mbele yao na karatasi ya vyumba, nikaanza kusoma. Nikaruka chumba cha saba. Mtu akacheka. Nikarudi kwenye cha saba, nikaendelea hadi mwisho.

Wote walipoondoka nilipitisha mkono nyuma ya sketi yangu. Ilikuwa kavu.