Viatu vya Cheche

Enzi ambazo kisu kilikuwa mali, si kitu cha kununua leo na kutupa kesho, mnoaji naye alikuwa mtu. Cheche alikuwa mnoaji. Jina alipewa na watoto waliomfuata mitaani kutazama moto mdogo ukiruka kwenye jiwe lake. Baiskeli aliisimamisha kwenye stendi, akapiga pedeli, jiwe likazunguka. Breki zake zilikufa zamani, wala hakuzililia. Akitaka kusimama, alikandamiza soli ya kiatu kwenye tairi la mbele, basi.

Kisha goti la kushoto likagoma. Wateja waliobaki, wauza nyama na mafundi cherehani, walikuwa wametawanyika mji mzima. Mkewe akamwambia apumzike.

"Kupumzika ni kazi ya maiti," alijibu, akauza baiskeli, jiwe akabaki nalo, akanunua skuta kuukuu.

Skuta ikaja na deni lake: leseni. Zamani mtu alijulikana kwa kazi yake; siku hizi hajulikani mpaka awe na kadi yenye picha. Cheche alinung'unika, lakini bila kadi hiyo skuta haikutoka uani kwenda kazini. Alikwisha kumwona kijana wa bucha akibebwa na kichwa kilichopasuka, kofia yake ngumu ikining'inia kwenye usukani kama kikapu cha sokoni. Basi akanunua kofia, akakariri alama za barabarani kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya mtihani maswali aliyajibu yote. Uwanjani alipita polepole katikati ya koni, akageuza shingo kutazama nyuma kabla ya kukata kona, kama alivyofundishwa. Mtahini, mama mmoja mwenye sauti kavu, akapiga kelele: "Simama!"

Mguu wa kulia ukaruka wenyewe kutafuta tairi. Haukulikuta. Ukakwaruza lami, skuta ikayumba, koni ikalala.

"Babu, hiyo si cherehani!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mzee wangu," mtahini akasema, "gari likikukatia mbele, mguu huo utavunjika kabla hujasimama. Breki ziko mikononi. Nenda kajifunze, urudi."

"Nitarudi, mama. Hata mkinichoka."

Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikuwa ng'onda. Kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba mkewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anaita, "Simama!" Kila akiita, mguu unashuka.

"Mguu mkaidi kama mwenyewe!"

"Usiutukane, mke wangu. Umetulisha mguu huu."

"Umetulisha, na sasa unataka kutuzika."

Asubuhi iliyofuata hakuziona ndara zake. Mkewe alimwekea mlangoni viatu vyeusi vya harusi ya binti yao, vile alivyovifuta kwa kitambaa hata akienda msibani.

"Umerukwa na akili? Hivi ni vya kuendea kiwanjani?"

"Vaa. Halafu uburute mguu, nione."

Akavaa, akaondoa skuta. "Simama!" Mguu ukaanza kushuka, ukaning'inia hewani, kisha ukarudi mahali pake kama uliounguzwa. Vidole vikabana breki zote mbili, taratibu, kwa pamoja. Skuta ikatulia. Mkewe hakupiga makofi. Alisema tu, "Tena." Wakarudia siku hiyo, na siku zilizofuata, mpaka mguu ukasahau.

Mtahini alipomwona tena, alivitazama viatu, kisha akamtazama yeye. Akaita. Cheche akasimama kama msumari.

"Umefaulu, mzee. Na umependeza."

Kesho yake, kofia kichwani na jiwe nyuma ya skuta, alikuwa njiani kwenda mtaa wa mabucha. Mlango wa teksi ukafunguliwa ghafla mbele yake. Akabana breki, akasimama. Viatu havikuwa na hata mkwaruzo. Dereva akaomba radhi, naye akampungia mkono.

Kwenye bucha ya kwanza alishusha jiwe na pedeli yake ndogo, akavua viatu vya harusi, akavaa ndara. Hakuna mtoto aliyekuja kutazama; watoto wa leo wana vioo vya simu vya kutazama. Cheche akaweka mguu wa kulia kwenye pedeli.

"Haya," akauambia, "sasa fanya kazi yako."