Barua ya Kuripoti

Kosa lilikuwa langu, na sihitaji mtu wa kunisaidia kulibeba. Naitwa Dunstan. Mwaka huo wa 1998 nilikuwa nakagua tiketi kwenye gereji ya kuegesha magari mjini Washington, na mke wangu Euphrasia alikuwa anatunza wazee katika nyumba ya wazee hapa Annandale, Virginia, dakika kumi kutoka kwetu. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwasugulia meno yao ya bandia kila jioni. Kwa miaka sita alisoma kozi moja moja, biolojia muhula huu, kemia muhula ujao, mpaka akafikisha masomo yanayotakiwa ili akafanye mtihani wa kuombea nafasi katika chuo cha udaktari wa meno. Mtihani wa kuombea nafasi, si chuo chenyewe. Nasema mara mbili kwa sababu mimi mwenyewe nilihitaji kuambiwa mara mbili.

Mwezi wa saba ikaja bahasha. Euphrasia alikuwa kazini, nikaifungua. Ndani kulikuwa na karatasi yenye jina lake, namba yake, jina la ukumbi, tarehe kumi Oktoba, saa mbili asubuhi, na orodha ya vitu vya kwenda navyo: kitambulisho, penseli, kifutio. Sasa, mtu aliyesoma Tanzania akipata karatasi ya namna hiyo haulizi. Mimi niliitwa kidato cha tano kwa karatasi kama hiyo hiyo: ripoti tarehe fulani, njoo na godoro, ndoo, jembe na fyekeo. Ukishapewa tarehe ya kuripoti, umechaguliwa, mtihani umebaki nyuma. Na Euphrasia alikuwa ametoka kufanya mitihani ya kozi zake mwezi wa tano tu, nikajua ndiyo hiyo. Kitu pekee kilichonishangaza ni kwamba Wamarekani hawakutaka jembe.

Nilikaa mezani nikamwandikia baba mkwe wangu, Mzee Kalisti, kule Rombo. Nilimwandikia kwamba binti yake amechaguliwa kusomea udaktari wa meno, anaripoti tarehe kumi Oktoba, na tunaomba baraka zake. Kwetu Uchagani mzazi hasikii habari kubwa ya mtoto wake kutoka kwa jirani. Nikaipeleka posta siku ile ile.

Euphrasia sikumwambia. Nilitaka pongezi zimfikie kutoka kwa baba yake mwenyewe. Aliporudi jioni akaiona karatasi mezani, akasema, "Aa, imefika," akaibandika kwenye friji, akaenda kuosha vyombo. Nikasema moyoni, huyu mwanamke hana majivuno hata kidogo.

Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa ikaja barua kutoka Rombo. Juu ya bahasha Mzee alikuwa ameandika kwa mkono wake: Daktari Euphrasia Kalisti. Euphrasia aliisoma akiwa amesimama. Ndani kulikuwa na habari za misa ya shukrani, mbuzi wawili na mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Wazee waliomcheka Mzee mwaka ule alipouza kipande cha kihamba, shamba la ukoo, ili asomeshe mtoto wa kike, wote walikuja wakanywa, na mmoja wao alisimama akaomba radhi mbele ya watu. Euphrasia alipomaliza kusoma alinitazama, nikajikuta nasimama na mimi.

"Dunstan, umemwandikia nini baba yangu?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha na karatasi pale kwenye friji, kama wakili anayetoa ushahidi.

"Hii ni karatasi ya kuingilia chumba cha mtihani," akasema polepole. "Wanaotahiniwa wote wanayo. Hata atakayefeli anayo."

Nilisikia masikio yanawaka moto. Nikatafuta kalamu pale pale, nikasema naandika sasa hivi kukanusha. Akanishika mkono.

"Usiandike. Umeshaandika ya kutosha. Unataka wale wazee warudi kumcheka? Nikifaulu haitakuwa uongo tena. Itakuwa imewahi kusemwa tu."

Nilikubali. Hapo ndipo kosa langu likawa letu sote wawili.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Euphrasia alikuwa anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anafungua kitabu cha kemia, anakifunga, anaenda dirishani, anarudi, anakifungua ukurasa mwingine. Mtihani wenyewe ulikuwa na sehemu ya ajabu, ya kupima jicho. Unaonyeshwa rundo la vipande vya mraba, unaambiwa uhesabu vyenye pande tatu zilizopakwa rangi, na vile vilivyojificha nyuma navyo uvikumbuke. Unaonyeshwa karatasi iliyokunjwa ikatobolewa, unaulizwa ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi. Alinunua sukari ya vipande, akawa anajenga marundo mezani na kuyabomoa. Mimi nilimletea tiketi za gereji zilizotumika pamoja na kitobolea changu cha kazini, tukawa tunakunja na kutoboa mpaka zulia likajaa vipunje vya karatasi. Siku nyingine alipatia zote. Siku nyingine alikosea ya kwanza tu, akaibwaga meza nzima chini, sukari ikasambaa mpaka chini ya kochi.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Nyaguthii, nesi kutoka Nyeri, alikuwa anapanda kutupa pole na kutuchokoza.

"Wewe Euphrasia, si ungesomea nursing kama sisi watu wa kawaida? Two years tu, unaanza kulipwa. Hii maneno ya kuhesabu cubes itakumaliza."

"Baba yangu alishachinja mbuzi," Euphrasia akajibu.

"Mbuzi ya nini? Si hujafanya hata test?"

Euphrasia akanionyesha kwa kidole. Nyaguthii alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikaenda jikoni kutafuta kitu cha kufanya.

Kila Jumapili tulikuwa tunapiga simu ofisi ya parokia kule Rombo, na Benadetha, mdogo wake Euphrasia, anakuja kupokea. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa Benadetha akatuambia jambo ambalo hakutaka kulisema. Mzee alikuwa anaumwa jino, gego la chini upande wa kushoto. Lilianza tangu Pasaka, likapoa, sasa limerudi na shavu limevimba. Hospitali ya misheni haiko mbali, tabibu wa meno yupo, lakini Mzee hataki kusikia.

"Anasema hawezi kumpa kijana yule mdomo wake wakati binti yake ni daktari," Benadetha akasema. "Ameshawaambia watu wote. Anasema atakusubiri Krismasi, dada."

Euphrasia aliomba Mzee aitwe kwenye simu. Akaja. Mimi nilikuwa nimebandika sikio upande wa pili wa kipokeo, nikasikia sauti yake, nzito, ya mtu anayeongea bila kufungua meno.

"Baba, nenda hospitali. Lile jino litoke."

"Daktari wangu ni nani?" Mzee akauliza. Nilimsikia anatabasamu. "Nimekaa nalo tangu Pasaka, litanishinda mpaka Krismasi?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Euphrasia alifungua mdomo, akanitazama, akafumba. Akamwambia baba yake asukutue kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi! Alipoweka simu chini aliingia bafuni akafungua bomba, nikasikia analia chini ya sauti ya maji.

"Mwambie ukweli," nikasema alipotoka.

"Wewe ndiye wa kunifundisha ukweli?"

Alikuwa na haki. Lakini nilikasirika pia, nasema wazi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mzee kwa ubishi wake, na zaidi nikaikasirikia mikono yangu mwenyewe iliyokimbilia kalamu.

Wiki mbili zile hakusoma hata kitu. Alishika kitabu, ndiyo, lakini macho hayakuwa kitabuni. Usingizini alisaga meno. Kazini alimvalisha bibi mmoja meno ya mwenzake, wote wawili wakakaa wanashangaa kwa nini mkate hautafuniki. Nilipocheka hakucheka.

Ijumaa, kesho yake ndiyo mtihani, Benadetha akapiga yeye mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Mzee hafungui mdomo tena zaidi ya upana wa kidole. Anakunywa uji kwa mrija, na uvimbe umeshuka chini ya taya. Bado anakataa kwenda. Nyaguthii alikuwa amekaa kwetu, akasikia yote. Safari hii hakuchokoza.

"Anameza?"

"Kwa shida," Euphrasia akajibu.

"Euphrasia, skiza vizuri. Hiyo sio jino tena. Hiyo kitu ikishuka kwa shingo inaziba pumzi. Nimeona mtu akienda hivyo, na alikuwa kijana. Mwambie aende hospitali, na umwambie kile kitamfanya aende."

Euphrasia alivunja kipande cha sukari kwa kucha. Kule kwao ofisi ya parokia ilikuwa imeshafungwa na Benadetha amerudi nyumbani. Tukabaki kusubiri kuche. Mficha maradhi kilio humfichua, husema watu, na mimi niliyekuwa nikiutumia msemo huo kwa wengine nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kwao ilikuwa saa saba mchana. Euphrasia alikuwa amevaa tayari, penseli tatu zimechongwa na zimefungwa kwa raba. Tulipiga, tukamwomba katibu wa parokia atume mtu. Tulipopiga tena baada ya nusu saa, Mzee alikuwa pale. Tulisikia pumzi yake kabla ya sauti.

"Baba," Euphrasia akasema, "mimi si daktari."

Pumzi kule ikaendelea kukwaruza.

"Sijachaguliwa. Hata chuo sijaomba bado. Ile tarehe tuliyokuandikia ni leo, na ni mtihani wa kuombea nafasi. Naweza kufeli. Na hata nikifaulu, ni miaka mingi ndipo niruhusiwe kushika jino la mtu. Sina jino lolote nitakalokung'oa Krismasi, baba. Nilijua tangu mwezi wa nane nikaogopa kukuambia. Nisamehe. Nenda hospitali leo."

Nilisubiri Mzee aseme hata tusi. Tulisikia kipokeo kikigonga meza, viatu vikiburuzika, halafu Benadetha akaja na kusema, "Ametoka nje, dada." Simu ikakatika.

Nilimpeleka Euphrasia mjini kwa gari. Akaingia ukumbini, mimi nikabaki kuzunguka mitaa kwa miguu, kona hii na kona ile, mpaka mlinzi wa jengo moja akaniuliza kama nimepotea. Euphrasia alitoka mchana, uso mkavu. Nikamuuliza ilikuwaje. "Nilihesabu," akasema.

Tulipofika nyumbani Benadetha akatupigia kutoka hospitali, kwao ni usiku, akatuambia kwamba Mzee alitoka ofisi ya parokia akaenda moja kwa moja hospitali, kwa miguu, bila kumngoja mtu. Walimpasua chini ya taya usaha ukatoka, wakang'oa gego, wakamlaza. Tabibu alisema siku mbili nyingine zingekuwa nyingi. Euphrasia alipiga magoti pale pale kwenye zulia la vipunje.

Lakini Mzee hakutuma neno. Jumatatu hakuna, Jumatano hakuna. Euphrasia alisafisha jiko mara tatu kwa siku moja. Alhamisi nilimpigia Benadetha bila mke wangu kujua. Nikamwomba akate jani la sale kihambani, akalifunge fundo na kumpelekea Mzee kwa jina langu. Kwetu mtu akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe, hata kama ameuliwa ndugu. Kuomba msamaha kwa mkono wa shemeji, kwa simu, kutoka Virginia, sijui kama wazee wanakuhesabu, lakini sikuwa na njia nyingine. Nikamwambia amweleze kwamba barua niliandika mimi, kosa nilifanya mimi, Euphrasia hakujua.

Jumapili iliyofuata tulipiga saa moja asubuhi. Benadetha alipokea akiwa anahema.

"Baba alisimama kanisani leo," akasema. "Baada ya matangazo. Na bandeji yake shavuni, na lile jani mkononi."

Euphrasia akashika ukingo wa meza. "Akasema nini?"

"Akasema, ile misa niliyotoa mwezi wa nane ilikuwa ya mapema. Binti yangu hajawa daktari, ndiyo kwanza anagonga mlango. Majibu hayajatoka. Mliokunywa mbege yangu nawadai sala. Watu wakacheka, lakini vizuri tu, dada, si vibaya. Na yule mzee aliyeomba radhi akasema yeye hairudishi radhi yake."

Euphrasia alikuwa analia na kucheka. Mimi niliinama karibu na kipokeo, nikauliza kile nilichokuwa naogopa kuuliza. "Alisema nani alimwambia? Alinitaja?"

"Alikutaja, shemeji. Alisema mkwe wake aliandika vizuri kabisa, kwamba ni mtihani. Yeye ndiye aliyesoma vibaya, kwa sababu ya macho ya uzee."

Nilimpa Euphrasia simu, nikaenda kusimama dirishani. Barua yangu Mzee anayo, kwa mwandiko wangu, na neno nililoandika ni amechaguliwa. Na macho ya Mzee Kalisti hayana ugonjwa wowote. Ana miaka sabini na moja, na husoma somo la kwanza kanisani bila miwani.