Fundi Aliyeisifu Redio Nyeusi

Ni Oktoba ya mwaka 2021. Saa tatu asubuhi, fundi wa redio ameketi katika kibanda chake, mbele yake redio tano za mkononi za bei nafuu, zile ambazo mtu hubonyeza kitufe akazungumza na mwenziwe wa mbali. Anabonyeza moja, anahesabu hadi kumi, anaandika jinsi mwenzake wa ng'ambo ya mji anavyosema amemsikia. Macho hayainui.

Wanachama arobaini na wawili wa chama cha redio za ridhaa, watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, humwita Mzee Mizani. Hakuna anayenunua redio kabla yeye hajaipima. Kazi hiyo haimlipi. Anaishi kwa matengenezo mawili au matatu kwa siku.

Mwezi wa Machi alilinganisha redio mbili, nyeusi na ya kijivu, zenye bei sawa. Nyeusi ilivuka kilima kwa sauti safi. Ya kijivu ilikwaruza tu. Jumapili ile alitangaza hewani kwamba nyeusi ndiyo kiboko. Watu kumi na mmoja wakainunua.

Miongoni mwao alikuwa mshonaji mjane wa mtaa wa pili. Yeye alichukua mbili, yake na ya dada yake aliyepooza miguu, anayeishi nyuma ya kilima. Kwa miezi mitano alipanda juu ya tangi la maji kila asubuhi, akaita, asijibiwe. Akadhani hajui kuitumia. Akaona haya kuuliza.

Mwezi wa Agosti, akiipangusa ile redio nyeusi ya majaribio, fundi aligundua kwamba antena iliyokuwa juu yake haikuwa ya redio hiyo. Ilikuwa ile ndefu ya fundi mwenyewe, aliyoifunga siku moja akasahau kuitoa. Za dukani zote zilikuja na fupi.

"Nilipima antena yangu, nikaisifu redio ya watu," anasema kwa sauti ya chini. "Mwanagenzi wa mwezi mmoja hafanyi kosa hilo."

Alinyamaza wiki tatu. Mkewe, alipoona sahani inarudi jikoni imejaa, alimdadisi mpaka akajua, akamwambia, "Mume wangu, mficha uchi hazai." Fundi akajibu kwamba kwa umri wao kuzaa kulikwisha zamani. Mkewe hakucheka.

Jumapili iliyofuata alikiri hewani, neno kwa neno. Kisha mwanachama mmoja, mtani wake wa siku nyingi, akauliza, "Mzee Mizani, leo umejipima mwenyewe?"

"Nimejipima," akajibu. "Nimepungua."

Tangu hapo anapima upya kila redio, ikiwa na antena iliyokuja nayo. Anataka orodha mpya iwe tayari kabla ya mwisho wa mwaka, na kosa lake lisomwe kwanza.

Lakini Jumatatu ile, asubuhi baada ya kukiri, alikwenda kwanza kwa mshonaji, maana alijua dada yake yuko nyuma ya kilima. Akamkuta juu ya tangi, akamweleza habari ya antena.

"Kumbe si mimi niliyekuwa sijui?" mama yule akauliza.

"Si wewe, dada yangu. Ni mimi."

Fundi akampokea redio, akaifunga antena ndefu, moja ya mbili alizokuja nazo, kwa mkono wake. Kisha akavuka kilima kwa miguu, akamfungia dada mtu antena ya pili.