Mitungi Mitatu ya Yuliana

Yuliana hakuwa mtu wa kubembelezwa. Ukimsifia mtungi wake, aliugonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kuusikiliza, kisha akakwambia mwenyewe kama unafaa au haufai. Alikuwa mfinyanzi, mtoto wa mfinyanzi, huko juu Uluguru upande wa Mgeta, na sikio lake liliujua ufa kabla jicho la mtu mwingine halijauona. Miaka thelathini ya kugongagonga vyungu ilimfundisha mambo ya sauti kuliko wengi waliojiita mafundi wa ngoma. Hilo hakulisema kwa mtu. Mpiga muziki wa nyumba ile alikuwa mumewe, na Yuliana alipenda iwe hivyo.

Mumewe aliitwa Alois. Alipiga zeze la nyuzi tatu, fimbo tu iliyofungiwa nusu ya kibuyu, na kabla Wajerumani hawajafikisha reli Morogoro hapakuwa na harusi mlimani ambayo hakuitwa. Kisha akateremka bondeni kufanya kazi ya kupakua vyuma vya hiyo reli, na chuma kimoja kikamwangukia mkono wa kulia. Vidole viwili vilipona vikiwa vimepinda. Tangu hapo zeze lake lilisikika kwa mtu aliyeketi naye mkeka mmoja, basi. Watu waliacha kumwita, naye hakuuliza kwa nini. Yuliana aliwahi kuvililia vile vidole mara moja tu, jikoni, na lawama akautupia moshi.

Sasa mtoto wao wa pekee, Felista, alikuwa anaolewa. Mume alikuwa Petro, kijana mpole aliyefanya kazi na mafundi wa reli, na reli ilikuwa imekwisha kupita Kilosa ikielekea Tabora. Petro aende wapi kama si huko? Na Felista angemfuata. Tabora! Yuliana hakumjua mtu hata mmoja aliyekwenda Tabora akarudi kusimulia.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Siku ya harusi anayesimama kusema ni mjomba. Baba huketi, hula, hushukuru. Alois hakuwa na kinyongo na desturi hiyo, alizaliwa nayo. Lakini alikuwa na wimbo wake mmoja, usio na maneno, aliokuwa akimpigia Felista alipokuwa mchanga na homa haitaki kushuka. Alitaka kuupiga wakati mtoto akitoka uwanja wa nyumbani kumfuata mumewe.

"Mimi sina la kusema siku hiyo, Mama Felista," alimwambia mkewe. "Nina huo tu. Nataka ausikie."

Mjomba mwenyewe alikuwa Paulo, kaka yake Yuliana, mtu mwema aliyependa mambo makubwa. Paulo alikuwa amembembeleza padri mpaka padri akakubali kinanda cha kanisa kitolewe nje kwa mara ya kwanza, kibebwe na wanaume wanne, kije kupigwa uwanjani na Mwalimu Benedikto, katekista. Alipoambiwa habari za zeze alitabasamu kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Yuliana.

"Shemeji, kile kinanda kinatikisa madirisha ya kanisa," Paulo alimwambia Alois. "Nani atakusikia? Usijitie aibu mbele ya wakwe."

Alois alijibu kwamba atapiga polepole tu, hatamsumbua mtu. Yuliana alinyanyuka akaenda kukanyaga udongo wake, akaukanyaga kana kwamba ulikuwa na jina la kaka yake.

Mambo yaligeuka mchana mmoja Alois alipokuwa akijaribu zeze karibu na mitungi iliyotoka motoni. Alipogusa uzi wa kati, mtungi mmoja uliitika. Sauti ilitoka tumboni mwake, nene, ikajaa uwanja. Aligusa uzi mwingine, mtungi ukanyamaza. Akarudia ule wa kati, ukaitika tena.

"Usiondoke hapo!" Yuliana alisema.

Alileta maji na kata ya kuchotea. Alimimina kata moja katika mtungi mwingine, akamwambia mumewe apige uzi wa kwanza, akasikiliza. Bado. Nusu kata. Bado. Funda moja tu, na mtungi ukaguna. Ilipofika jioni kila uzi ulikuwa na mtungi wake na kila mtungi ulikuwa na kipimo chake cha maji, na zeze la Alois lilisikika mpaka ng'ambo ya kijito. Alois aliliweka chini akaangalia vidole vyake vilivyopinda. Alicheka kwa sauti, kicheko ambacho mkewe alikuwa hajakisikia tangu mwaka wa kile chuma, na Yuliana akaona raha hata akasahau kupika.

Wiki moja kabla ya harusi kinanda kililetwa kwa majaribio, kikawekwa katikati ya uwanja. Mwalimu Benedikto aliketi, akakanyaga vikanyagio, akapiga. Na kile kilichotikisa madirisha ya kanisa kikatoa sauti ya mbuzi aliyefungiwa ndani! Hapakuwa na kuta wala paa. Upepo wa mlimani ulikipokonya kila kitu. Alois alipoingia na mitungi yake, kinanda hakikusikika kabisa.

Nikisema Yuliana hakufurahi nitakuwa mwongo. Alifurahi sana. Paulo aliamuru mitungi iondolewe, kwa kuwa kinanda ni heshima ya harusi, na Yuliana alikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, yote makali. Ndipo alipomwona Benedikto. Yule mwalimu alikuwa amekaa na mikono mapajani, akitazama vibao vyeupe na vyeusi, na uso wake ulikuwa uso ule ule ambao Alois alikuwa nao miaka yote hii.

Yuliana alimeza majibu yake yote matatu. "Mwalimu," alisema, "hicho sauti yake inatokea wapi?"

"Mgongoni, Mama Felista."

"Basi tutakipa ukuta."

Kilivutwa hadi kwenye pembe ya baraza, pale kuta mbili za nyumba zinapokutana na paa la nyasi linashuka chini. Ubao wa nyuma ukafunguliwa, mgongo wa kinanda ukaelekezwa pembeni. Benedikto alipiga, na sauti ikagonga zile kuta ikarudi uwanjani ikiwa nzima. Ikabaki kupatana tu. Alois aliketi mbele ya baraza na mitungi yake, na Benedikto akajifunza kupunguza mguu zeze linaposema. Paulo aliwasikiliza, akakohoa, akasema alijua tangu mwanzo kwamba vitakwenda pamoja.

Siku ya harusi jua liliwaka. Misa ilikwisha, watu wakala, wakacheza, Paulo akasema maneno yake marefu na mazuri. Alipomaliza kumwusia Felista kwamba akianza kutembea asigeuke nyuma, bibi harusi alisimama kando ya mumewe. Alois alivuta zeze kifuani, akagusa uzi wa kwanza.

Mtungi haukuitika.

Aligusa wa pili, wa tatu. Kimya. Yuliana alichungulia ndani. Maji yalikuwa yamebaki robo. Kumlaumu nani? Mitungi mitatu ya maji ya baridi, siku ya jua kali, na kata imelala juu ya mmoja! Yeye mwenyewe aliisahau pale asubuhi. Bi Asia, muuza kaniki kutoka Morogoro mjini, alikuwa bado anajifuta midomo.

"Maji ya kwenu matamu, dada," alisema. "Nimerudia mara tatu."

Felista alikuwa ameanza kutembea. Yuliana alichota maji jikoni akarudi mbio, akamimina, Alois akapiga, lakini kwa makelele yale ya watu na vigelegele hakuna aliyeweza kusikia kama mtungi umeguna au la. Alois aliondoa vidole kwenye nyuzi. "Acha tu," alinong'ona. "Acha, mke wangu."

Yuliana aligeuka barazani. "Mwalimu! Nipe sauti ya uzi wa kwanza, uishike, usiiachie!"

Benedikto alielewa. Alibonyeza kibao kimoja, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na sauti moja ikatoka pembeni mwa baraza ikasimama hapo, haipandi wala haishuki. Yuliana aliweka kiganja kwenye tumbo la mtungi akamimina. Hakuhitaji sikio. Maji yalipofika mahali pake, udongo ulitetemeka chini ya mkono wake. "Wa pili!" Akamimina. "Wa tatu!" Watu walikuwa wamenyamaza sasa, wakimtazama mama wa bibi harusi aliyelowa mpaka magotini.

Felista alikuwa amefika kwenye migomba, mahali njia inapoanza kuteremka. Alois akapiga.

Wimbo ule ulitoka mitungini ukapita juu ya vichwa vya watu, na chini yake Benedikto alikitia kinanda polepole. Felista alisimama. Hakugeuka. Paulo alimnyooshea mkono kumwambia aende, kisha mkono wenyewe ukashuka. Ndipo Felista alipogeuka, akarudi uwanja mzima akiwa na nguo zake za harusi, akapiga magoti kwenye matope aliyoyafanya mama yake, akaegemeza shavu kwenye mtungi wa tatu.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Nimekusikia kule kwenye migomba."

Alois aliendelea kupiga tu, machozi yakimtiririka, mpaka wimbo ukaisha. Felista akainuka, akamshika mama yake mikono yote miwili, akamfuata mumewe Tabora.

Jua lilipopoa, wageni wa mbali waliobaki walisikia kiu. Bi Asia aliinyemelea tena ile mitungi, ambayo ilikuwa mbele ya macho ya wote na maji tele ndani. Yuliana alimwahi. Aliitoa kata mkononi mwa mgeni yule, akatwaa kibuyu kikubwa kitupu, akateremka mwenyewe kijitoni, akawaletea maji mengine.